Honi ya Saa Nne

Ikikaribia saa nne asubuhi naacha ninachofanya. Kama napepeta mchele, naweka ungo chini. Kama nazungumza na mtu, namkatiza, na wapo walioninunia kwa hilo mpaka leo, shauri yao. Nakaa kimya nikisikiliza upande wa kiwanda, ambako hakuna tena cha kusikiliza. Boila ya mvuke ilishauzwa, bomba la moshi lilishaangushwa, na pale palipokuwa ghala la marobota sasa wanauza mitumba. Lakini kifua changu hakijaambiwa habari hizo. Mimi ni bibi mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu, na bado saa hiyo ikifika nasikia maziwa yakivuta kutoka kwapani kuja mbele. Hakuna maziwa, najua. Nasema ninachosikia.

Niliolewa Bunda nikitokea Kiriba, kule ardhi inakoingia ziwani. Kwetu tulivua na tulilima pamba, na saa tulizisoma nje. Kivuli cha nyumba kikifika kwenye kinu, uji uwe tayari. Upepo wa ziwani ukigeuka, anika dagaa upande wa pili. Hapakuwa na mtu wa kuchelewa. Ungeweza kuchelewa mvua, ungeweza kuchelewa msiba, lakini kuchelewa saa ni jambo nililojifunza Bunda. Baba yangu alikuwa akifunga pamba kwenye baiskeli na kuipeleka kwenye banda la ushirika, na ilikoenda baada ya hapo hatukuuliza. Nilikuja kukutana nayo tena nikiwa mke wa mtu.

Nyumba ya wakwe zangu ilikuwa mtaa wa Manyamanyama, na ukisimama mlangoni uliliona bomba la moshi la kiwanda cha kuchambua pamba. Baba mkwe alikuwa mmoja wa vijana walioivuta boila ile kutoka gatini Musoma, enzi za Wahindi. Ilishushwa melini, ikalazwa juu ya magogo, ikavutwa na ng'ombe na watu. Alisema mtama uliopandwa siku waliyoondoka uliwafika magotini siku waliyoingia Bunda. Na mara ya kwanza mvuke ulipopandishwa na honi ikapigwa, mbuzi walikata kamba, mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka kisimani akabwaga mtungi, na wazee wakakaa kikao wakiulizana ni nani anapikwa mle ndani.

"Ilipita mwaka mmoja tu," alinisimulia. "Wazee walewale, asubuhi wakikutana, wanaulizana: ya kwanza imelia? Hata mtu ambaye hajaajiriwa, honi ikilia, anaweka jembe chini anaenda kula. Majogoo yakabakia ya mboga."

Alikuwa akisimulia akicheka mpaka machozi, halafu ghafla anaacha kucheka. "Walisema mashine imekuja kutupumzisha mikono. Mikono haikupumzika, mwanangu. Kilichopumzika ni kichwa." Nilidhani ni maneno ya uzee. Alifariki mwaka wa pili wa ndoa yangu, na mimi mwaka huohuo nikaandikishwa kiwandani.

Wanaume walikuwa kwenye injini, kwenye mikanda, na kwenye kufunga marobota. Sisi wanawake tulikaa chini ya banda refu, kila mmoja na kilima chake cha pamba, tukitenga: pamba safi huku, pamba fifi, ile chafu yenye madoa, huku. Vumbi la nyuzi liliingia puani, kooni, kwenye chakula. Tulikohoa vitu vyeupe. Lakini nisiseme uongo, nilipenda. Kwa mara ya kwanza nilinunua khanga bila kumwomba mtu, nikaivaa siku hiyohiyo, na mume wangu akaitazama juu hadi chini. Wanaume wa mtaa walilalamika kwamba ugali wa mchana umekuwa na ratiba. Tukawaambia kama ratiba haiwapendezi, mwiko uko palepale ulipokuwa.

Tatizo lilikuwa watoto wa kunyonya. Kiwanda hakikuruhusu mtoto ndani, kwa sababu ya mikanda ya mashine. Basi wanawake walionitangulia walitengeneza desturi yao. Honi ya saa moja ilikuwa ya kuingia, ya saa kumi ilikuwa ya kutoka, na katikati, saa nne kamili, ililia honi moja ya mapumziko. Honi hiyo ikilia, mabibi wa Manyamanyama wote waliokuwa wanalea walinyanyuka majumbani, wakafunga mbeleko, wakashuka hadi kwenye seng'enge ya kiwanda. Sisi tulikaa kwa ndani, wao kwa nje, na kila mmoja alikuwa na mahali pake ambapo nyaya zilishapanuliwa na mikono ya miaka mingi. Mtoto alipitishwa. Alinyonya. Honi fupi ikilia, alirudishwa.

Mama mkwe hakuwahi kukosa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye maneno machache, aliyelea watoto wanane kwa kutazama jua na nyota, na sasa alilea wangu kwa honi. Nilimwita mama, naye akaniita mwanangu, na tulipendana kwa namna ya watu wasioambiana. Mahali petu palikuwa kwenye nguzo ya tatu kutoka kwenye tangi la maji. Kabla hajanipa mtoto aliniuliza kila siku swali moja: "Umekula?" Na baada ya kunyonyesha, swali lingine: "Ameshiba?"

Na mwili ukazoea. Kabla mtoto hajafika, kabla hata sijanyanyuka, honi ikilia tu maziwa yalikuwa yakitoka. Benchi zima, wanawake kumi na kitu, blauzi zinalowa kwa pamoja. Tulitaniana sana kwa hilo. Kuna Jumapili nilikwenda Musoma na mume wangu kumsalimia dada yake, tukapita karibu na gati, meli ikapiga honi. Nilikuwa nimevaa blauzi ya kanisani. Nilifika kwa wifi yangu nimejikumbatia kama mwenye baridi, mume wangu akicheka njia nzima na kusema afadhali hakuoa mfanyakazi wa reli.

Halafu ikaja ile miaka. Waliokuwepo hawahitaji kuambiwa. Sabuni ilipotea, mafuta ya taa yakapotea, sukari ikawa kitu cha kunong'ona. Tulikaa tumezungukwa na pamba hadi shingoni, na nguo ya kumzika mtu ilitafutwa kwa kibali. Kiwandani vipuri vilikwisha, mikanda ikashonwa kwa ngozi za ng'ombe. Lori la kuleta kuni halikuwa na dizeli. Mzee wa boila, fundi Mwislamu ambaye baba yake alikuja Bunda na Wahindi walewale, alilisha moto kwa mbegu za pamba, nyingine mbichi, nyingine zimelowa. Moshi ulitoka mzito wa kahawia, na injini ikawa inavuta pumzi kama mgonjwa.

Binti yangu wa tatu alikuwa na miezi mitano. Siku ile niliondoka nyumbani akiwa ameanza kuhara tangu jana yake jioni, lakini alinyonya vizuri alfajiri na alinishika kidole. Nilimwambia mama, "Saa nne nitamwangalia. Akiwa bado hivi, nitaomba ruhusa nimpeleke zahanati." Zahanati ilikuwa nyuma ya kiwanda, hatua chache kutoka kwenye seng'enge. Mama akasema sawa, honi ikilia nitambeba.

Tulikaa tukatenga pamba. Nilikuwa nawaza mtoto, kwa hiyo nilitazama sana nje. Kivuli cha banda kilikuwa kinarudi kwenye nguzo zake, na mimi, binti wa Kiriba, nilikijua kivuli. Kilifika mahali pa saa nne. Honi haikulia. Maziwa yakatoka yenyewe, bila kuitwa na kitu, yakalowesha blauzi mpaka kiunoni. Jirani yangu akanitazama kifuani, kisha akajitazama. Tukaendelea kutenga. Injini ilikuwa inaendelea, marobota yalikuwa yanafungwa, na msimamizi alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake la kukata majina. Nikasema moyoni, honi haijalia, basi bado.

Kivuli kikapita. Nikasema, bado.

Nimeishi na neno hilo moja maisha yangu yote. Mwili wangu ulijua, jua lilisema, nyaya zilizopanuliwa zilikuwa pale mbele yangu, na mimi nilikaa nikitenga pamba safi na pamba fifi kwa sababu bomba la shaba juu ya paa halijapiga kelele.

Na nyumbani, kama majirani walivyonisimulia baadaye, mama alikuwa anafanya vilevile. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, ametulia. Mama alianika muhogo, akamchungulia, akaona amelala, akasema, honi ikilia nitambeba. Akarudi kwenye muhogo. Mwanamke aliyelea wanane kwa jua alikaa chini ya jua lenyewe, mchana kweupe, akingoja kiwanda kimwambie ni saa ngapi.

Honi ililia saa kumi, ya kutoka. Nilikimbia. Nilimkuta mama anakuja njiani, mbeleko mgongoni, anatembea haraka, na usoni mwake niliona kwamba amekwisha kufahamu. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Ngozi ya tumbo ukiivuta haikurudi. Tulifika zahanati, mganga akasema dripu hakuna tangu mwezi uliopita, mpeni maji ya chumvi na sukari. Sukari. Mwaka ule! Nilipiga hodi nyumba kwa nyumba nikiomba kijiko kimoja. Nyumba ya nne wakanipa, kwenye kipande cha gazeti, wakaniambia nisiseme nimeipata wapi. Niliporudi nayo, mama alikuwa amekaa kwenye ngazi za zahanati, amemfunika mtoto uso.

Mganga alisema angeletwa asubuhi huenda angepona. Alisema huenda. Kwa neno hilo ningempasua mdomo, maana lingekuwa ndiyo au hapana ningelibeba nikalizoea.

Tulimzika. Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, na nyumbani tukabaki mimi, mume wangu, watoto wawili wakubwa, na mama. Mama hakuniambia pole. Mimi sikumwambia si kosa lako. Nilingoja aombe radhi, nadhani, na siku zilivyopita nikaona amenyamaza, nikaamua kumbe hana la kusema. Kimya hicho kilikaa nasi kama mpangaji. Nilimpakulia chakula, nilimfulia, alipougua mgongo nilimkanda kwa majani ya moto. Jambo hilo hatukuligusa. Nilipopata mtoto mwingine, wa mwisho, niliacha kazi msimu mzima nikamlea mwenyewe. Mama alielewa. Aliichukua ile mbeleko ya zamani, akaikunja, akaiweka chini ya godoro lake.

Mzee wa boila, ambaye ndiye aliyekuwa akivuta honi, nilimchukia waziwazi. Nilikuwa nikikutana naye sokoni navuka barabara. Mara moja alinisalimia kwanza, yeye mzee, nami sikuitikia, na kwetu hilo ni jambo la kufukuzwa nyumbani.

Miaka ikapita. Ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho. Madukani sabuni ikarudi ya kila rangi, mitumba ikashuka kwa marobota kuliko pamba ilivyowahi kupanda, na wanunuzi binafsi wakaja na malori yao mpaka shambani. Ushirika ukachechemea, ukaanguka. Kiwanda kikafungwa misimu miwili, kisha tajiri mmoja akakichukua, akaweka injini ya dizeli, akaajiri vibarua wachache. Honi hakuitaka. Alisema siku hizi watu wana saa mkononi. Mume wangu alikwenda Buhemba kutafuta dhahabu, akapata mke mwingine huko, na mimi nikabaki na mama yake. Watu waliniuliza kwa nini simrudishi kwa ndugu zake. Niliwajibu kwamba wao ndio warudi kwao.

Ndipo mama alipoanza kupotea. Kwanza alisahau majina, halafu njia ya kisimani, halafu kwamba mumewe alikufa. Macho nayo yakafunga ukungu. Lakini kitu kimoja hakikupotea. Kila asubuhi, baada ya uji, alikaa mlangoni uso umeelekea kiwandani, akaniuliza, "Honi imelia?"

"Bado, mama."

Baada ya muda kidogo: "Imelia?"

"Bado."

"Ilikuwaga inalia kabla jua haijapanda hivi. Ninasikia joto ya jua hapa kwenye goti. Imechelewa leo."

Niseme ukweli wangu: siku za mwanzo nilimjibu kwa ukali. Nilikuwa nasikia kama ananisuta. Kuna siku nilimfokea, "Hakuna honi! Ilikufa!" Akashtuka, akajikunyata, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mtoto atanyonya lini?" Tangu hapo nikarudi kusema bado. Asubuhi nzima, mwaka mzima, kisha mwaka mwingine: imelia, bado, imelia, bado. Nilianza kuogopa kwamba atakufa akiwa anangoja, na kwamba mtu anayekufa akingoja haondoki. Angekaa pale mlangoni kwangu. Nami ningekaa naye, na yule wa tatu katikati yetu.

Siku moja mzee wa boila akaja nyumbani. Alikuwa amekonda, kanzu yake imemzidi, anatembelea mkongojo. Alibisha hodi akasimama nje ya kizingiti.

"Sikuja kukaa, mwanangu. Nimekuja kukuambia kabla haijakushtua. Kuna mtu wa Mwanza, anatengenezaga sabuni, anataka kununua ile boila. Anataka aone inashika mvuke. Tajiri ameniita mimi niiwashe, maana hakuna mwingine anaijua. Keshokutwa."

"Na honi?" nikauliza.

"Honi ndiyo nimeijia. Nikipandisha mvuke, lazima nijaribu na honi. Nimeona nisikufanyie vile bila kukuambia. Ukisema nisivute, sivuti."

Sikumkaribisha. Nilimuuliza pale pale mlangoni kitu nilichokuwa nacho kooni miaka yote ile: kwa nini siku ile hukuvuta?

Alitazama mkongojo wake. "Mvuke ulikuwa chini. Mbegu zilikuwa na maji. Kulikuwa na lori linangoja marobota, iende nayo Musoma, meli ilikuwa gatini. Meneja akasema ukivuta honi injini itasimama, na ikisimama leo hatuwashi tena. Mapumziko waruke leo, siku moja tu, hawatakufa." Akainua mkono. "Alisema hivyo. Mkono wangu ulikuwa kwenye mnyororo. Wallahi, nilikuwa nimeushika. Nikauachia."

Nilitaka kumwambia maneno makali. Nilikuwa nimeyaandaa kwa miaka. Lakini nilimwona mkono wake, wenye makovu ya moto hadi kiwiko, umeshika hewa kama mtu anayeshika mnyororo, na nikaona kwamba tulikuwa watatu asubuhi ile, siyo wawili. Watatu tuliokuwa tunajua, kila mmoja mahali pake, kila mmoja akingoja.

Nyuma yangu mama akauliza, "Ni nani? Honi imelia?"

Mzee akainua uso akanitazama.

"Vuta," nikamwambia. "Saa nne kamili. Si kabla, si baada. Na baada ya mapumziko vuta ile fupi."

"Na bibi? Haitamshtua?"

"Huyo ndiye anayeingoja."

Siku hiyo ilipofika nilimwogesha mama mapema, nikampa uji, nikamkalisha mlangoni. Moshi ulikuwa umeanza kupanda kwenye bomba tangu alfajiri, moshi mwembamba wa kuni kavu, na watu wa mtaa walitoka nje kuutazama. Nilimwomba jirani akae naye karibu, asimshike ila akitaka kuanguka. Mimi nikavaa khanga, nikashuka kiwandani. Mlinzi aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia kazini, akacheka akanipisha. Nilikwenda kwenye nguzo ya tatu kutoka kwenye tangi la maji. Nyaya zilikuwa zimeota kutu na majani yametambaa juu yake, lakini lile tundu lilikuwepo palepale, pana vilevile. Nikakaa chini, kwa ndani.

Nikatazama kivuli. Nilikuwa na saa mkononi, sikuiangalia.

Honi ililia.

Nilidhani naikumbuka, kumbe sikuwa naikumbuka hata nusu. Ilianza chini kama ng'ombe, ikapanda, ikashika, ikakaa juu ya mji mzima bila kutetereka. Ilipita kwenye mifupa. Nilijikumbatia. Ng'ambo ya seng'enge niliona wanawake wa rika langu wakitoka kwenye vichochoro, wanne, watano, mmoja bado ana unga mikononi, kila mmoja mkono kifuani, na wakasimama wasijue wamefuata nini. Hatukusalimiana.

Halafu nikamwona mama. Alikuwa anashuka kinjia cha kutoka nyumbani peke yake, jirani yuko nyuma yake hatua kadhaa, mikono amenyoosha asimguse. Haoni, lakini alikuwa anakwenda, anakwepa mawe anayoyajua, anapita mahali palipokuwa na mfereji ambao ulishafukiwa, na pale aliinua mguu akauruka. Mgongoni alikuwa amefunga ile mbeleko ya chini ya godoro. Ilikuwa imefungwa vizuri, kwa fundo lake la zamani, imeinamia kidogo upande wa kushoto. Ndani hamna kitu.

Alifika kwenye nguzo. Akapapasa waya, akapata tundu.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula, mama."

Akaigeuza mbeleko mbele, akaifungua taratibu, akashika shingo isiyokuwepo kwa kiganja, akapitisha mikono kwenye waya. "Mpokee. Leo honi imechelewa sana." Akaisogeza kwangu zaidi. "Imechelewa honi. Mimi sikuchelewa. Nilikuwa nimekaa tu naingoja."

Nikapokea. Ilikuwa na joto la mgongo wake. Nikaiweka kwenye mapaja, na kile nilichomnyima kwa miaka yote ile kikatoka chenyewe.

"Mama, siku ile mimi nilijua. Maziwa yalishatoka. Niliona kivuli. Nilijua ni saa nne na nilikaa. Wewe hukuchelewa. Mimi ndiye niliyechelewa."

Alikaa chini upande wake, akaegemea nguzo, akashusha pumzi kama mtu aliyetua kuni.

"Nyonyesha kwanza," akasema.

Nikafungua blauzi mbele ya mlinzi, mbele ya wale wanawake, mbele ya tajiri na mtu wake wa Mwanza waliokuwa wametoka kwenye chumba cha boila kuona kwa nini watu wamejazana kwenye uzio. Nikainua ile nguo kuukuu, nikailaza kifuani. Machozi yalinitoka mpaka nikashindwa kuona. Hakuna aliyecheka. Tulikaa hivyo, mgongo wake na bega langu vikigusana kupitia waya, mpaka honi fupi ikalia.

Nikakunja mbeleko, nikaipitisha kwenye tundu kwa mikono miwili.

"Ameshiba?" mama akauliza.

"Ameshiba, mama."

Akaipokea, akaiweka mgongoni, akakaza fundo mara mbili. Akapeleka mkono nyuma, akapapasa mahali yanapokaa makalio ya mtoto. Kisha akapanda kile kinjia polepole, kwa hatua za mtu asiyetaka kumwamsha.